Silambloki za Tairi la Lori

Gari la Rachid liligonga mara tatu, ko, ko, ko, likasimama mbele ya kizuizi cha Ngagara, na askari wanne wakalala chini.

Msiwacheke. Mwaka huo wa tisini na saba, Bujumbura, kitu kikigonga mtu mwenye akili alikuwa analala kwanza halafu ndiyo anauliza. Lakini walipoinuka, matope kifuani, wakaona kwamba aliyewalaza ni Corolla kuukuu ya rangi ya maziwa yenye wauguzi watatu ndani, hasira yao ilikuwa kubwa kuliko woga walioupata. Waliamuru wote washuke. Concilie, mkunga, mkubwa wa wale wauguzi, alipigishwa magoti kwenye matope na sare yake nyeupe, mikono kichwani, na wenzake Daphrose na Adélaïde wakapiga magoti nyuma yake. Wakakaa hivyo robo saa nzima huku viti vikivuliwa na vitu vya buti la gari vikimwagwa. Mkoba wa Concilie wa vifaa vya kuzalishia uligeuzwa juu chini.

Hawakupata kitu. Koplo alimwita Rachid akamuuliza ni nini kinachogonga. Rachid alipiga magoti karibu na gurudumu la mbele, akamwonyesha. Pale ambapo mkono wa chuma unaobeba gurudumu unashikana na mwili wa gari, kunakaa mipira midogo ya mviringo yenye tundu katikati, miwili kila upande. Mafundi wa kwetu wanaiita silambloki. Kazi yake ni kuzuia chuma kisile chuma. Ya Rachid ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki majivu meusi, na kila alipokanyaga breki mkono ule ulikuwa unacheza na kugonga, na gari linavuta kushoto kama mbuzi aliyeona majani.

Koplo alisikiliza maelezo yote hadi mwisho, kwa utulivu. Hakuwa mtu mbaya, na pengine ndiyo maana maneno yake yalimtisha Rachid zaidi.

"We mzee, mi nimekuelewa," alisema. "Lakini hawa vijana wangu hawajui silambloki. Siku nyingine ukija na hiyo kelele, watapiga risasi."

* * *

Walifika kazini Buterere wamechelewa dakika arobaini. Mwanamke mmoja alikuwa amejifungulia barazani, akisaidiwa na mzee mlinzi wa geti. Mtoto alikuwa mzima, Mungu ashukuriwe, lakini mkurugenzi wa kile kituo cha afya, Bwana Népomuscène, alikuwa amesimama getini na saa yake ya mkononi ameivua kabisa ameishika, ili kila mtu aione.

Alimsema Rachid mbele ya wagonjwa, mbele ya wenye kusubiri chanjo, mbele ya wale wauguzi wenyewe waliokuwa bado wanajikwangua matope magotini. Alisema anamlipa aje na watu, si aje na hadithi. Alisema kuna bwana mmoja ana Hiace nzima, anaitafuta hiyo kazi kila wiki. Rachid alisimama ameinamisha kichwa, kofia yake ya kufuma ameikunja mkononi, mtu mwenye miaka arobaini na sita na watoto watano, akijibu ndiyo direkta, ndiyo direkta. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini hapo hata kusema hivyo kimoyomoyo aliogopa.

Kazi ile ndiyo iliyokuwa inaiweka nyumba yake imesimama. Na haikuwa kazi ya kumpa kila mtu. Concilie alikaa Ngagara, Daphrose alikaa Kinama, Adélaïde Bwiza, na tangu mitaa igawanyike kwa ukabila mwaka wa tisini na nne hakuna aliyekuwa anakanyaga mtaa wa mwenzake. Rachid alikuwa Mswahili wa Buyenzi, mtaa usiokuwa na upande. Mswahili wa Buyenzi alikuwa bado anaweza kuingia huku na kule, akapiga honi, akasalimia, akaondoka na mtu wake salama. Wale wanawake watatu hawakuwa na mahali pengine popote pa kukaa bega kwa bega isipokuwa ndani ya Corolla ile. Mwanzoni hawakusemeshana. Sasa walikuwa wanagombania nani akae dirishani.

* * *

Kesho yake Rachid alikwenda Rohero kutafuta silambloki mpya. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka tangu mwaka uliotangulia, kila kitu cha gari kilipita kwa magendo kama kilipita. Lakini dukani kwa kijana mmoja aitwaye Hugues aliona kwa macho yake, rafu ya juu, maboksi manne yenye picha ya ile ile mipira. Aliyaomba, akauliza bei, akaambiwa asubiri, akasubiri mpaka wateja watatu waliomkuta wamehudumiwa. Mwisho Hugues alimwita pembeni, akamnong'oneza kwamba maboksi yale ni matupu. Karibu duka zima lilikuwa maboksi matupu. Aliyapanga ili duka lisionekane limekufa, kwa sababu baba yake angeliona tupu angelia.

Rachid alimwambia hapana neno. Alirudi Buyenzi kwa miguu, na njia nzima alikuwa anafikiria wale vijana wa koplo.

Ndipo akamwendea shemeji yake. Mohamadi, mdogo wake Khadidja mke wa Rachid, alikuwa na gereji ya mabati barabara ya kumi na nane, na ambargo ile ya mipaka iliyowatia wengine umaskini ilikuwa imempa yeye jina. Alikuwa anatengeneza pedi za breki, gaskiti, hata vifuniko vya rejeta, vyote kwa mkono wake. Alikuwa fundi kweli. Na alijua kwamba yeye ni fundi kweli, hilo ndilo tatizo. Alichukua tairi la lori lililokwisha, akalikata kwa kisu cha kuchovya kwenye maji ya sabuni, akachonga vipande vinne vya mviringo, akavitoboa kwa bomba lililopashwa moto hadi mtaa mzima ukanuka. Akaviingiza kwenye chuma kwa kuvibana na jiriwa, akilainisha kwa sabuni tu, kwa sababu grisi inakula mpira. Kazi safi. Hata mafundi wenzake walikuja kuangalia.

Kuvirudisha kwenye gari ilikuwa Jumatano jioni. Corolla ilikuwa juu ya mawe, magurudumu ya mbele yamevuliwa, mikono inaning'inia. Mohamadi alitia boliti, akazikaza hapo hapo, kwa nguvu zake zote, huku Rachid akimkumbusha kwamba saa ya marufuku ya kutoka nje inakaribia. Alipomaliza alijipangusa akasema silambloki hizo zitamzika Rachid na wajukuu wake.

Alhamisi gari halikugonga hata mara moja. Ijumaa vilevile. Pale kizuizini koplo aliinua kidole gumba. Daphrose, ambaye alikuwa mcheshi, alisema ukimya umezidi mpaka anasikia njaa yake mwenyewe.

Jumamosi, karibu na daraja dogo la Buterere, mbwa alikatiza. Rachid alikanyaga breki. Kitu kikapasuka chini, usukani ukamponyoka, na gari likavuta kushoto lote, likashuka kwenye ukingo wa mashamba ya mpunga, likasimama pua ikiwa ndani ya maji. Concilie aligonga paji la uso kwenye dashibodi. Alishuka damu inamtiririka hadi kwenye nyusi, akaijaribu kwa vidole, akaona si nyingi. Akafunga kitambaa chake mwenyewe.

Alimwambia Rachid kwa upole kwamba hamchukii, lakini harudi kwenye gari lile. Ana watoto. Atatembea.

* * *

Bwana Népomuscène hakupiga kelele safari hii. Alisema Jumatatu saa moja asubuhi mwenye Hiace atakuja, na Rachid naye akipenda aje, amwonyeshe gari lake, kwa sababu yeye ni mtu wa haki. Alisema hivyo huku akitazama saa.

Corolla ilivutwa hadi Buyenzi kwa kamba, nyuma ya lori la mchanga, na kila baraza waliyoipita iliwapa pole. Pole nyingine zinauma. Walipofika uani kwa Rachid, Mohamadi alikuwa amekwishapata habari, akaja na spana zake bila kusalimia mtu. Akaitoa mipira. Yote minne ilikuwa imechanika.

Akasema ni tairi. Tairi lilikuwa bovu, limelala juani miaka, mpira umekauka. Rachid akasema labda. Mtu akikosa la kusema ndipo anaanza kusema yasiyofaa. Rachid alisema laiti angempa fundi mwingine. Mohamadi akajibu kwamba fundi mwingine angetaka alipwe. Ikawa hivyo kwa muda, maneno ya chini chini, yale mabaya zaidi.

Khadidja alikuwa barazani kwenye cherehani yake, anashona mashati ya shule. Majirani walimwita mama Raihana, kwa mtoto wake wa kwanza, na walimjua kama mwanamke asiyeongea huku mashine inazunguka. Mashine ilikuwa imesimama. Alishuka, akaokota vile vipande vinne vya mpira kwenye mchanga, akarudi navyo, akavipangusa na kuvipanga mapajani kwake, akaanza kuvigeuza geuza kama anavyogeuza kola iliyoletwa kurekebishwa.

Aliona kitu ambacho wanaume wale wawili, kwa kutazamana wao kwa wao, hawakukiona. Mpira mkavu hupasuka popote. Hii haikupasuka ovyo ovyo. Yote minne ilikuwa imechanika kwa mshazari mmoja, upande mmoja, kama nguo iliyosokotwa ikikamuliwa.

Alimwita mdogo wake. Alimuuliza, siku ile alipokaza boliti, gari lilikuwa wapi. Mohamadi akasema juu ya mawe, lingekuwa wapi. Akamuuliza na magurudumu je. Akasema yalikuwa yamevuliwa, mikono inaning'inia, kila fundi anafanya hivyo.

"Na gari ikishuka chini, hiyo mikono inabaki pale pale?"

"Apana. Inapanda juu. Uzito unasukuma."

"Basi uliishona ikiwa imevutwa," alisema Khadidja.

Mohamadi hakuelewa, au alijifanya. Khadidja akachukua shati, akalivuta kwa mikono miwili mpaka likakaza. Akamwambia atazame. Ukipiga mshono kitambaa kikiwa kimevutwa hivi, mshono unaonekana mzuri. Ukikiachia, kinajikunja, na kila mara mwenye shati akiinua mkono uzi unalia, mpaka siku moja unakatika kwapani mbele ya watu. Boliti ndiyo uzi. Aliukaza mpira mikono ikiwa chini. Gari liliposhuka, mikono ikapanda, mpira ukabaki umesokotwa, umesokotwa asubuhi, umesokotwa mchana, hata gari likiwa limelala. Mpira wa kiwandani ulivumilia mwaka, miwili, ukafa, na watu wakasema ni barabara mbaya. Huu wa tairi ni mgumu, hauvumilii.

Hata mimi ninayewasimulia sijui kama kulikuwa na fundi mmoja barabara ya kumi na nane aliyewahi kuliwaza jambo hilo. Walikuwa wanakaza gari likiwa juu kwa sababu mkono unafika vizuri gari likiwa juu. Hiyo tu ndiyo ilikuwa sababu, miaka yote.

"Dada, we shona nguo," alisema Mohamadi. "Gari uniachie mimi."

Akakusanya spana zake akaenda. Rachid, ambaye alikuwa ameelewa kila neno, naye alimwambia mkewe kwamba hiyo ni kazi ya wanaume. Alilisema kwa sababu majirani walikuwa wanasikiliza. Khadidja alimtazama mara moja, akarudi kwenye mashine yake, akashona mpaka jioni bila kuinua kichwa. Usiku ule Rachid alikula peke yake, na alijua vizuri kabisa kwa nini.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, kabla hata ya chai, alikaa kwenye mkeka mbele yake.

"Mama Raihana, nimekosa," alisema. "Nilikuelewa jana. Niliona haya tu."

Khadidja alisema haya haijazi sufuria. Halafu alimmiminia chai, akamwongezea sukari, na wakati ule sukari haikuwa ya kuongezewa mtu ovyo.

* * *

Mohamadi alikuja saa tatu. Hakusema amekosa. Alikuja na kipande kipya cha tairi la lori, na mipira minne amekwisha kuichonga, na macho mekundu. Baadaye ilijulikana kwamba alfajiri ile alikwenda kujilaza chini ya magari manne ya wateja wake, moja baada ya jingine, na tochi, akachungulia mipira yao. Yote ilikuwa na mshazari ule ule. Muungwana ni kitendo.

Aliingiza mipira mahali pake, akazitia boliti bila kuzikaza, zikae tu. Gari likashushwa. Hapo ndipo tatizo lilipojionyesha. Gari likiwa chini na uzito wake, mtu anapita wapi? Corolla imekaa chini kama kuku wa mayai. Hapakuwa na gereji yenye shimo karibu, na zile za mjini Jumapili zilifungwa.

Mtaro ulikuwepo. Mbele ya nyumba ya Rachid, kama mbele ya nyumba zote za barabara ya kumi na tatu, ulipita mtaro wa maji machafu, wenye kina cha kumfaa mtu kulala chali. Waliliendesha gari taratibu mpaka magurudumu ya kushoto yakawa ng'ambo ya pili na mtaro ukapita katikati. Khadidja alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba wanawake wasimwage maji ya kufulia kwa nusu saa. Wakakubali, wakatoka wote kuangalia.

Mohamadi, fundi mwenye jina, alivua shati mbele ya mtaa mzima akalala mtaroni. Uliposikia mtu anacheka, ulisikia na mwingine anamnyamazisha.

Khadidja hakuridhika bado. Gari tupu si gari la kila siku, alisema. Mtu hupimwa nguo akiwa amesimama anavyosimama siku zote, si amejibana pumzi. Rachid aingie kwenye usukani, na watu watatu wengine waingie, wenye uzito wa wale wauguzi. Watu wakaanza kutazamana na kukadiriana unene, na mke wa muuza mkaa alikuwa tayari amekasirishwa na makadirio yake, pale Concilie alipotokea kwenye kona.

Alikuwa anatoka misa, amevaa kitenge kizuri, plasta kwenye paji la uso. Nyuma yake alikuwa Adélaïde, na nyuma ya Adélaïde, akiwa amepita mtaa ambao hakuwa ameupita kwa miaka mitatu, alikuwa Daphrose. Walikuwa wamekubaliana kumpelekea Rachid pole na kilo moja ya maharage, na kumuaga. Walikuta gari juu ya mtaro na miguu ya mtu inatokeza.

Rachid aliwaeleza. Alieleza vibaya, akirudia rudia, akimtaja mkewe kila baada ya maneno mawili. Concilie alimsikiliza. Halafu akamgeukia Khadidja akamuuliza kama ana hakika.

"Mashati nina hakika," alisema Khadidja. "Hii ni mara ya kwanza. Lakini mi mwenyewe ningepanda. Na wanangu ningewapandisha."

Concilie alisema kati ya wajawazito wote aliowazalisha hakuna hata mmoja aliyekuwa na hakika naye. Akavua viatu vya misa ili asivichafue, akafungua mlango wa mbele, akakaa. Wenzake wakaingia nyuma. Khadidja alitaka na mkoba wa vifaa, kwa sababu kila siku huwa upo, na kwa kuwa haukuwepo akaweka jiwe la kusagia lenye uzito kama huo. Kutoka mtaroni sauti ya Mohamadi ikaomba waruke kidogo kwenye viti ili springi zikae. Basi wanawake wale watatu, pamoja na Rachid na kofia yake, walirukaruka ndani ya gari lililosimama, kwanza kwa haya, halafu Daphrose akaanza kucheka, na alipoanza yeye hakuna aliyeweza kujizuia. Concilie alicheka mpaka akashika plasta yake. Watu wa barabara ya kumi na tatu walisimama wanatazama gari lisilokwenda popote likiwa limejaa kicheko, na wengine hawakuwa wamekisikia kicheko kama hicho kwa muda mrefu.

Kisha Mohamadi akasema watulie. Wakatulia. Akakaza boliti nne, moja moja, gari likiwa limebeba watu wake.

Alipotoka alikuwa mweusi kuanzia kisogoni hadi kiunoni. Mzee mmoja fundi, aliyekuja kutoka barabara ya kumi na nane kuona kisa hicho, alimuuliza kwa sauti ya dharau kidogo ni nani amemfundisha kukaza gari namna hiyo. Mohamadi alijifuta uso kwa kiganja. Kila mtu alikuwa anasikiliza.

"Dada yangu," alisema. "Na we nenda ukaangalie za kwako."

Khadidja alikwenda ndani kumchotea maji ya kuoga. Alikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kujaza ndoo moja.

* * *

Jumatatu walipita Ngagara saa kumi na mbili na nusu. Rachid alikuwa anatoka jasho tangu nyumbani. Kizuizini ilibidi akanyage breki, hapakuwa na jinsi, na vijana wanne walikuwa wamesimama na bunduki mkononi, wanamkumbuka. Koplo hakuwepo. Rachid alisema bismillahi, akakanyaga. Gari likasimama lenyewe, wima, kimya. Kijana mmoja aliinama akatazama chini ya gurudumu, akatazama usoni kwa Concilie, akawapungia wapite. Walipoiacha Ngagara, Adélaïde akaomba dirisha lifunguliwe.

Getini kwa kituo cha afya Hiace ilikuwa imefika, imeoshwa, inang'aa. Mwenye gari ameiegemea. Bwana Népomuscène aliitazama saa yake, akaona dakika kumi kabla ya saa moja, akasema kwamba kufika mapema siku moja si ushahidi. Rachid alijibu kwamba ni kweli, direkta, na akamfungulia mlango wa mbele.

Mkurugenzi hakutegemea hilo. Alitazama pembeni, akaona wagonjwa wanamtazama na wauguzi wake watatu wamesimama mikono wameifunga kifuani, akaingia. Rachid alimpeleka hadi kwenye daraja dogo, pale pale, akaongeza mwendo, akakanyaga breki kwa nguvu mara tatu. Usukani aliushika kwa mkono mmoja. Gari lilisimama mara tatu kwenye mstari, na upande wa kushoto mpunga ukabaki huko kwenye maji yake.

Mkurugenzi aliuliza silambloki alizipata wapi, maana gari lake mwenyewe limelala uani miezi mitano kwa kukosa hizo hizo. Rachid alimwambia wapi, na nani alikaza, na nani alimwambia namna ya kukaza. Bwana Népomuscène aliivaa saa yake mkononi. Alikohoa. Alisema mwenye Hiace ataambiwa aende. Halafu, akitazama mbele, si kwa sauti ile ya getini, alisema mke wake anafundisha shule ya msingi pale pale Buterere, na kila asubuhi anakuja kwa miguu, na yeye kila asubuhi anapomwona amefika ndipo anaanza kupumua. Aliuliza kama Rachid ana nafasi moja.

Rachid angeweza kumsubirisha. Alikuwa na haki ya kumsubirisha hata dakika moja tu, na hata sisi tungemsamehe. Lakini alimkumbuka mkewe mwenyewe, akasema nafasi ipo, nyuma katikati, ila asichelewe, kwa sababu yeye hasubiri mtu.

Alirudi nyumbani saa tatu, akaliacha gari barabarani, akaingia barazani anakimbia kama kijana. Alimweleza Khadidja yote, kizuizi, Hiace, daraja, mkurugenzi, saa, na huyo abiria mpya wa kuanzia kesho. Khadidja alisikiliza bila kusimamisha mashine. Alipomaliza, alifika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Huyo mama ana kilo ngapi?" aliuliza. "Kabla ya kesho, mwite Mohamadi."